Mgeni wa Ijumaa Usiku: Majibu kwa Wenyeji wa Nyumba za Siku Nairobi

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaokodisha nyumba kwa siku jijini Nairobi, wengi wao wakiwa na chumba kimoja au viwili vya kulala. Majina tumeyahifadhi na barua tumezifupisha.

Ijumaa saa kumi na moja jioni linaingia ombi: usiku mmoja, watu wawili, akaunti haina maoni hata moja, na anayeomba anaishi hapa hapa Nairobi. Swali lake la kwanza ni kama nyumba ina spika. Nikikataa nakosa pesa, nikikubali silali. Nifanyeje?
*Mwenyeji, Kilimani*

Mtu wa Nairobi kubuku Nairobi si kosa, dada. Watu hukimbia rangi mbichi, mabomba makavu na ujenzi wa jirani, na wengine ni wapenzi wanaotafuta faragha yao. Dalili moja haimhukumu mtu. Zinapokuja kwa mkupuo ndipo uanze kuhesabu: usiku mmoja wa wikendi, saa chache kabla ya kuingia, akaunti iliyofunguliwa wiki hii, swali la spika, swali la maegesho ya magari matatu kwa "watu wawili", na lile zito kuliko yote, kama askari wa geti huandika majina. Mgeni wa kawaida huuliza waifai na maji ya moto. Anayemuulizia askari ana hesabu yake.

Usikatae papo hapo, wala usikubali ukisema utaona mbele ya safari. Mwandikie ndani ya programu aliyobukia, kama Airbnb, si kwa WhatsApp:

"Habari, karibu. Kabla sijathibitisha naomba kujua: ni watu wazima wangapi watakaoingia, pamoja na wanaopita tu kusalimia? Mtafika saa ngapi? Mnakuja kwa shughuli gani? Geti letu huandika kila jina na nambari ya kitambulisho, na baada ya saa tatu usiku asiye kwenye orodha haingii. Je, hilo ni sawa kwenu?"

Asiye na jambo hujibu kwa sentensi mbili na kutaja saa. Mwenye sherehe hujibu swali kwa swali, "kwani ni lazima?", au anaanza kupandisha bei mwenyewe. Anayekuongezea elfu mbili kabla hujamwomba ananunua kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lako. Hapo kataa, na sababu iwe ni kanuni ya nyumba, kamwe isiwe yeye mwenyewe: "Nyumba hii haipokei mikusanyiko, asante kwa kuuliza." Ukimwambia anaonekana kama mtu wa vurugu, umefungua kesi ya ubaguzi usiyoihitaji.

Tunasisitiza kuuliza mapema kwa sababu ya pesa. Kwenye Airbnb ombi hukusubiri saa 24. Ukishalithibitisha kisha ukalifuta mwenyewe, unatozwa asilimia 10 ya thamani ya buking ikiwa zimebaki zaidi ya siku 30 kabla ya mgeni kuingia, asilimia 25 kati ya siku 30 na saa 48, na asilimia 50 zikibaki saa 48 au pungufu, au mgeni akiwa ameshaingia. Ada hiyo haishuki chini ya dola 50. Kwa nyumba ya shilingi 4,500 kwa usiku, dola hizo 50 zinapita kodi yenyewe.

Mengine yafanye kabla Ijumaa haijafika. Weka usiku mbili kuwa kima cha chini cha wikendi, kwa sababu wa sherehe hulipia usiku mmoja tu. Buking ya papo kwa papo iruhusu kwa wageni wenye rekodi nzuri pekee. Tazama pia picha zako: bilauri kumi na mbili zimepangwa mezani na viti sita vya plastiki viko kwenye roshani, halafu unashangaa wanaokuja ni kina nani. Nyumba ya watu wawili inatosha bilauri nne. Siku ya mgeni kuingia, mtumie keateka (mtunza jengo) na askari wa zamu ya usiku orodha ya majina. Ukimpa askari wa mchana peke yake, zamu hubadilika jioni na orodha inabaki mfukoni mwake.

Na wakipenya, sherehe ikaanza? Airbnb ilipiga marufuku sherehe Agosti 2020 na ikafanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu Juni 2022, kwa hiyo kanuni iko upande wako. Anza na ujumbe ndani ya programu ili saa ijiandike: "Jirani amelalamikia kelele, naomba mpunguze na waliozidi waondoke kufikia saa nne na nusu." Piga simu. Wasiposikia, aende keateka pamoja na askari, kamwe asiende mmoja, na wabaki mlangoni bila kuingia. Kazi yao ni kuwatoa waliozidi. Aliyebuku ni suala la programu. Kukiwa na vitisho au vita, ni 999 au 112. Wakikuambia bado ni mapema, kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango kwenye makazi hushuka tangu hapo.

Asubuhi usiguse kitu kabla ya kupiga picha. Madai ya uharibifu huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu mgeni atoke. Mgeni hupewa saa 24 za kujibu, ndipo unaiita Airbnb iingilie kati. Madai mengi hukwama mahali pamoja: mwenyeji ana picha ya sofa lililoungua na hana picha ya sofa lilipokuwa zima. Mwambie anayefanya usafi arekodi video ya dakika mbili kila anapomaliza, chumba kwa chumba, akifungua droo na friji, na akutumie siku hiyo hiyo. Ambatisha risiti ya kitu au makadirio ya fundi yaliyoandikwa. Bei ya kukisia hurudishwa.

Wageni wangu wengi hulipa moja kwa moja kwa M-Pesa. Mara mbili sasa nimeonyeshwa ujumbe wa malipo ambao pesa zake sikuziona. Mwingine alilipa, akalala, kisha akataka kurudishiwa "alizozidisha".
*Mwenyeji, South B*

Ujumbe ulio kwenye simu ya mgeni si malipo. Hata ulio kwenye simu yako si malipo mpaka uangalie umetoka wapi: wa kweli huja chini ya jina MPESA, mahali pale pale zilipo jumbe zako za zamani. Ukija kutoka nambari ya kawaida, hata ukiwa na herufi kubwa na salio limeandikwa vizuri, ni wa kughushi. Fungua menyu uangalie salio kabla ya kutoa ufunguo. Mgeni atakaa kwenye ngazi dakika mbili, hatakufa.

Hila ya kuzidisha huenda hivi. Anakutumia ujumbe wa uongo wa shilingi 15,000 badala ya 5,000, kisha anapiga simu kwa haraka na kwa adabu nyingi, akiomba urudishe 10,000 kwa nambari ya "dereva". Pesa zinazotoka ni zako, maana zake hazijawahi kuingia. Kanuni mbili zinatosha: hurudishi kitu kabla ya kuona salio, na unarudisha kwa nambari iliyolipa tu. Jambo la pili linakulinda hata pale malipo yalipokuwa ya kweli lakini simu ni ya wizi.

Kuhusu kurudisha muamala, aliyelipa anaweza kuupeleka ujumbe wa malipo kwenye 456 na kudai alikosea nambari. Usibishane naye kwa simu. Kinachokutetea ni maandishi ya kabla ya malipo: tarehe za kuingia na kutoka, bei, idadi ya watu, na neno lake la kukubali. Pokea kwa nambari ya till, ile ya M-Pesa ya biashara, badala ya nambari yako binafsi. Hesabu zako zinakaa pamoja, na jina la biashara linaonekana kwa anayelipa. Jina lililolipa lifanane na la kitambulisho. Likitofautiana, uliza. Mara nyingi ni mume au bosi amelipa, na hilo halina ubaya mradi naye ajulikane.

Amana ya shilingi 3,000 hadi 5,000 inatosha kwa chumba kimoja. Kagua mgeni akiwepo, umrudishie pale pale mlangoni. Amana inayorudi baada ya wiki ndiyo huzaa maoni mabaya.

Onyo moja: mgeni aliyekupata kupitia Airbnb usimhamishie M-Pesa ili mkwepe ada. Akivunja televisheni huna ulinzi wowote, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Mgeni ametuma kitambulisho chake lakini hataki cha mwenzake kitumwe. Anasema ni siri yake. Nina haki ya kudai?
*Mwenyeji, Roysambu*

Unayo, na usilegeze. Januari 2024, baada ya mauaji ya wasichana katika nyumba za kukodi kwa siku huko South B na hapo Roysambu, ndipo wengi walipotambua kwamba mtu anaweza kulala jijini usiku mzima bila jina lake kuandikwa popote. Sheria ya Utalii ya 2011 inataka malazi ya wageni yasajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kama bado hujajisajili, anza nalo. Polisi wakija kuuliza, mwenye leseni na daftari huzungumza tofauti na asiye navyo.

Kila mtu mzima atakayelala ndani atoe kitambulisho au pasipoti, na yule wa pili aweza kukutumia mwenyewe ikiwa hataki kipite kwa mwenzake. Mara nyingi kumbe hilo tu ndilo lililokuwa tatizo. Mlangoni, linganisha uso na picha. Hapa ndipo kazi huharibika: mwenyeji ana picha ya kitambulisho tangu Jumanne, ufunguo uko kwenye kisanduku cha namba, na hakuna mtu aliyewahi kumwona aliyeingia. Ikiwa hupo, keateka au askari aone sura, na akishindwa, mgeni akupigie simu ya video akiwa mlangoni. Kitambulisho halisi usikizuie. Mwenyewe anakihitaji njiani.

Ukishavichukua, vinakufunga nawe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 wewe ni mtunzaji wa taarifa za watu. Zihifadhi kwenye folda yenye nywila badala ya kuziacha kwenye galari ya simu inayochezewa na watoto, andika ni muda gani utakaa nazo, kisha zifute. Na ile tabia ya kurusha picha ya kitambulisho kwenye kundi la wenyeji, "mjihadhari na huyu", iache kabisa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Ukitaka kuwaonya wenzako, eleza mbinu iliyotumika, si mtu.

Mtu mzima akija na mtoto wa chini ya miaka 18 na asiwe na maelezo ya kueleweka kumhusu mtoto huyo, usipokee. Nambari ya kuripoti masuala ya watoto ni 116, na haina malipo.

Nimeombwa kuruhusu "surprise" ya birthday: maputo, maua kitandani, mishumaa. Nikubali?
*Mwenyeji, Westlands*

Kubali, lakini uza huduma hiyo kwa masharti yako. Ni ombi la kila wikendi na lina faida ukilipangia.

Petali nyekundu, za maua halisi na za kitambaa rahisi vilevile, huchujua rangi zikipata unyevu. Mtu ametoka bafuni, amekaa juu ya petali, na shuka jeupe limekwisha. Dai zitandazwe juu ya shuka la ziada la rangi nzito, na ulitoe wewe. Selotepu huvua rangi ya ukutani. Maputo yafungwe kwenye fimbo ya pazia au yashikwe kwa vibandiko vinavyoondoka bila kubandua. Mishumaa iwe ya betri. Povu la kunyunyiza lipige marufuku kabisa, kwa sababu gesi iliyo ndani ya mkebe hushika moto, na sherehe yenye povu na keki yenye mishumaa ziko hatua moja kutoka ajalini. Vumbi la kumetameta nalo hapana. Likishaingia kwenye zulia utalikuta mpaka mwakani.

Mpambaji aingie kwa jina na kitambulisho, saa mbili kabla ya mgeni, akishuhudiwa na keateka. Ongeza ada ya usafi inayolingana na saa mbili za kazi zaidi, na iandikwe kwenye makubaliano kabla. Uliza pia ni watu wangapi watakaokuwepo keki ikikatwa. "Sisi wawili tu" yenye keki ya kilo tatu irudie kuiuliza. Shisha wakiiomba, serikali iliipiga marufuku nchini Desemba 2017, kwa hiyo hapo huna hata haja ya kutafuta lugha.

Watu nisiowajua wamefika getini wakisema wamelipia nyumba yangu kupitia Facebook. Sijaitangaza huko.
*Mwenyeji, Kileleshwa*

Picha zako zimeibwa. Walaghai huchukua tangazo la kweli, hupunguza bei kwa nusu, hudai amana na kuzima simu. Waathiriwa ni hao walio getini, na wana haki ya kukasirika, ila usiwaingize ndani kwa huruma. Ukiwapa hata usiku mmoja, umejifanya sehemu ya mkataba usioujua. Waonyeshe tangazo lako halisi, waambie wahifadhi nambari iliyopokea pesa, na uwaelekeze kituo cha polisi wapate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Wewe nawe chukua yako. Simu ya bure ya DCI, idara ya upelelezi, ni 0800 722 203. Ripoti tangazo la uongo, kisha tafuta picha zako kwa Google Lens uone zimesambaa wapi kwingine. Mpya zipige na jina la nyumba likipita katikati ya picha, si pembeni ambapo hukatwa kwa sekunde moja.

Kuna ndugu wa hila hii aliye hatari zaidi. Anabuku kweli, siku tatu hadi saba, analipa vizuri, na mchana analeta watu wawili wawili "kuona nyumba". Anaipangisha kama yake, anakusanya amana za miezi miwili kwa watu watano, kisha anatoweka, na mwisho wa mwezi yanafika malori matano ya vitu. Dalili ziko kwenye daftari la geti: wageni wengi wa mchana, kila mmoja dakika kumi na tano. Mwambie askari akupigie akiona hilo siku ya kwanza. Ndani, bandika karatasi iliyowekwa kioo karibu na swichi ya umeme: "Nyumba hii hukodishwa kwa siku. Haipangishwi kwa mwezi," pamoja na nambari yako. Inaonekana ya kishamba, na inafanya kazi.

Naweza kuweka kamera sebuleni ili nijue wanaoingia?
*Mwenyeji, Lavington*

Hapana. Airbnb ilizikataza kamera zote za ndani duniani kote kuanzia 30 Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo na hata zikiwa zimezimwa. Ya mlangoni nje inaruhusiwa mradi uitaje na useme ilipo. Kifaa cha kupima kelele kinaruhusiwa sebuleni kikitajwa, si chumbani wala bafuni, na kisirekodi sauti.

Ndege yake inatua JKIA saa kumi na moja alfajiri, anataka kuingia saa hiyo hiyo bila kulipa zaidi.
*Mwenyeji, Syokimau*

Chumba cha saa kumi na moja alfajiri ni chumba ambacho hakikukodishwa usiku uliotangulia, na hicho kina bei. Toza nusu ya usiku ikiwa kilikuwa wazi. Kama kuna mgeni anayetoka saa nne asubuhi, jibu ni kwamba usafi unachukua saa mbili na nusu. Mpe nafasi ya kuacha mizigo kwa keateka kuanzia saa tatu. Usimwahidi "tutajaribu". Atafika na mabegi manne akiamini umekubali.

Mgeni wa mwezi mzima amemaliza stima mara tatu na anataka ninunue mimi.
*Mwenyeji, South C*

Kosa liko kwenye mkataba. Hita ya bafu ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika kumi hula karibu yuniti 0.9. Watu wawili wakioga mara mbili kwa siku ni yuniti 3.7, na kwa mwezi ni 110 za kuoga tu, kabla ya friji, pasi na kuchemsha maji. Kwa usiku chache stima iingie kwenye bei. Kuanzia usiku 28, toa yuniti za kuanzia, tuseme 30, piga picha ya mita mkiwa wote wawili, na nyingine ajinunulie mwenyewe kwa M-Pesa, paybill 888880, akiweka nambari ya mita. Iandike nambari ya mita na uibandike ukutani. Wageni wengi hupiga simu usiku kwa sababu hawaioni. Weka pia betri za akiba za kile kifaa cha kuingizia tokeni. Betri zikilala skrini haionyeshi kitu, na mgeni ataapa kwamba tokeni ni mbovu.

Mimi ni mpangaji, nakodisha nyumba hiyo kwa siku. Meneja wa jengo ameanza kuuliza.
*Mwenyeji, Ruaka*

Pata ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi wiki hii, na uombe kanuni za jengo. Ridhaa ya mdomo huisha siku ya kelele ya kwanza, na mgeni aliyezuiwa getini atadai pesa zake kwako.

Mgeni alichafua nyumba na kuvunja kioo. Nimwandikie maoni gani?
*Mwenyeji, Westlands*

Dai kioo kwanza, maoni baadaye. Kila upande una siku 14, na ya kwako hayaonekani mpaka naye aandike au siku hizo ziishe, kwa hiyo hakuna haraka. Kisha andika alichofanya na idadi: "Walikubaliana kuwa wawili, wakaingia saba, kioo cha bafu kilivunjika, walichelewa kutoka kwa saa tatu." Usiandike hasira wala neno "mchafu". Mwenyeji atakayeyasoma kabla ya kumkubali Ijumaa ijayo anahitaji kujua ni wangapi walioingia.